Msitu wa Brazos na Kipimo cha Kuporomoka

Mji wa Sugar Land, ulioko kusini magharibi mwa Houston katika jimbo la Texas nchini Marekani, unajulikana leo kwa nyumba za kifahari, barabara pana na wakazi waliotoka pembe nyingi za dunia, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 111,026. Msafiri anayepita kwa gari katika barabara kuu namba 59 haoni dalili yoyote kwamba pembezoni mwake palikuwa na msitu mkubwa uliofuata mto Brazos hadi karibu na bahari. Jina la mji linataja sukari. Halitaji miti iliyofyekwa ili sukari hiyo ipatikane, wala mikono iliyoifyeka.

Msitu huo una jina katika vitabu vya wataalamu: misitu ya mabondeni ya Columbia. Ni misitu iliyoota katika mabonde ya mito mitatu, Brazos, San Bernard na Colorado, kabla mito hiyo haijamwaga maji yake katika Ghuba ya Mexico. Inakadiriwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa na ukubwa wa zaidi ya ekari 700,000, yaani takriban hekta 283,000. Sehemu iliyobaki leo haifikii robo, nayo imekatikatika vipande vipande kati ya malisho, mashamba, mitambo ya mafuta na vitongoji vya Houston.

Swali linaloulizwa na wanasayansi ni gumu kuliko linavyoonekana. Je, msitu uliopoteza robo tatu za eneo lake umekwisha poromoka, uko njiani kuporomoka, au unaweza kudumu hivyo hivyo kwa karne nyingine? Mnyama akitoweka duniani hujulikana, kwa sababu hapatikani tena. Msitu haufi kwa namna hiyo. Unaweza kusimama, ukawa na kivuli na majani mabichi, ilhali ndani yake kila kitu kilichoufanya uwe msitu huo kimekwisha ondoka.

Kwa sababu hiyo Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, wenye makao yake nchini Uswisi, ulitafuta kipimo. Umoja huo umekuwa na Orodha Nyekundu ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka tangu miaka ya 1960. Kundi la wataalamu lililoongozwa na Profesa David Keith wa Australia lilichapisha mwaka 2013 misingi ya orodha ya pili, ya mifumo ya ikolojia, na baraza la IUCN likaipitisha mwaka 2014. Vigezo vyake ni vitano. Cha kwanza hutazama eneo limepungua kwa kiasi gani. Cha pili hutazama kama eneo lililosalia ni dogo mno. Cha tatu huuliza kama mazingira yasiyo na uhai, kama vile maji, udongo na hewa, yameharibika. Cha nne huuliza kama uhusiano wa viumbe wenyewe umevurugika. Cha tano ni hesabu ya uwezekano: mfumo huo una nafasi gani ya kuporomoka katika miaka 50 au 100 ijayo?

Kigezo cha kwanza kina jambo linalomhusu mwanahistoria moja kwa moja. Pamoja na kupima miaka 50 iliyopita na miaka 50 ijayo, kinaruhusu kupima kuanzia mwaka 1750. Msitu uliopoteza asilimia 50 tangu wakati huo huhesabiwa kuwa dhaifu. Uliopoteza asilimia 70, kuwa hatarini. Uliopoteza asilimia 90, kuwa hatarini mno. Ukiipima misitu ya Columbia kwa fimbo hiyo, upungufu wake wa zaidi ya robo tatu unaiweka katika daraja la katikati. Lakini mtu akianza kupima mwaka 1970, wakati sehemu kubwa ya ukataji ilikuwa imekwisha pita, hali itaonekana nafuu zaidi. Ndiyo kusema kwamba kipimo ni kizuri kadiri kumbukumbu zilivyo nzuri, na kumbukumbu za Texas zinaanza na wapima ardhi.

Stephen Austin, Mmarekani aliyepewa ruhusa ya kuleta walowezi katika ardhi iliyokuwa ya Mexico, alifika katika bonde la Brazos mwaka 1821. Kabla yake nchi hiyo ya pwani ilikuwa ya Wakarankawa na mataifa mengine ya wenyeji, ambao walisukumwa na kuuawa katika miaka michache iliyofuata. Kila familia ya walowezi iliyofuga mifugo ilistahili kupata eneo moja la ekari 4,428, na maeneo hayo yalipangwa kwa upana mdogo mbele ya mto na urefu mkubwa kuelekea nyikani, ili kila mmoja apate maji na udongo mweusi. Wapima ardhi waliandika katika madaftari yao miti iliyosimama kwenye pembe za viwanja, kwa kuwa mti mkubwa ndio uliokuwa alama ya mpaka. Hawakuwa na nia ya kuandika historia ya msitu. Hata hivyo, kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinazomwezesha mtafiti wa leo kujua palipokuwa na mwaloni, pekani au kichaka cha mianzi mwitu ambapo sasa pana duka.

Walowezi walifahamu kwamba udongo mzuri kuliko wote ulikuwa chini ya msitu. Mafuriko ya karne nyingi yalikuwa yameleta tope na kulitandaza chini ya miti, na mianzi mwitu ilipoota kwa wingi ilikuwa ishara kwamba hapo pamba na miwa itastawi. Kwa hiyo ukataji haukuanzia pembeni mwa msitu kuelekea ndani. Ulianzia kitovuni, penye rutuba, na kuacha pembeni palipokuwa na maji yanayotuama. Msitu ulitobolewa kama nguo iliyoliwa na nondo.

Kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Hesabu iliyofanywa mwaka 1825 katika koloni la Austin ilionyesha watu wapatao 1,800, na kati yao 443 walikuwa watumwa. Katika miaka ya 1840 ndugu wa ukoo wa Williams walianzisha kinu cha miwa katika shamba lililoitwa Oakland, jina linalotokana na mialoni, mahali ulipo mji wa Sugar Land hivi sasa. Katika miaka ya 1850 shamba likawa mali ya Benjamin Franklin Terry na William Kyle, na jina la Sugar Land likashika. Sukari ya wakati huo iliumiza msitu mara mbili. Kwanza miti iliondolewa ili miwa ipandwe. Kisha miti mingine ilikatwa kuwa kuni za kuchemshia maji ya miwa katika masufuria makubwa ya chuma, mchana na usiku, msimu mzima wa mavuno.

Terry aliuawa vitani Kentucky mwezi Desemba mwaka 1861, akipigania upande uliotaka utumwa uendelee. Habari ya uhuru ilitangazwa Galveston tarehe 19 Juni mwaka 1865. Kilichofuata katika bonde la Brazos ni sura ambayo hata Texas yenyewe ilikawia kuisoma. Marekebisho ya 13 ya katiba ya Marekani yalipiga marufuku utumwa, isipokuwa kama adhabu ya kosa. Jimbo la Texas lilianza kukodisha wafungwa kwa wenye mashamba, na mwaka 1878 Edward Cunningham na Littleberry Ellis, wenye mashamba ya miwa huko Sugar Land, walipata mkataba wa kukodi wafungwa wote wa jimbo kwa miaka mitano. Wengi wa wafungwa hao walikuwa Waafrika wa Marekani, wengine wakiwa wamefungwa kwa makosa madogo. Walikata miwa wakiwa ndani ya maji, walikula vibaya, waliugua malaria, walichapwa. Eneo hilo liliitwa na watu wa wakati ule jehanamu ya Brazos. Mtindo huo wa kukodisha ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1910, lakini jimbo lenyewe likawa mwenye shamba, na magereza yakaendelea kulima ardhi ile ile kwa miongo mingi. Gereza la mwisho katika mji huo lilifungwa mwaka 2011.

Mwezi Februari mwaka 2018, wajenzi waliokuwa wakichimba msingi wa shule ya ufundi katika ardhi iliyokuwa ya gereza walikuta mifupa ya binadamu. Wataalamu wa mambo ya kale walipomaliza kazi walikuwa wamehesabu makaburi ya watu 95, mmoja wao mwanamke, wadogo kabisa wakiwa na umri wa miaka ipatayo 14. Walizikwa kati ya mwaka 1878 na 1911. Mwanaharakati Reginald Moore, aliyekuwa askari magereza hapo awali, alikuwa amewaonya viongozi kwa miaka mingi kwamba katika ardhi hiyo kuna makaburi ya wafungwa. Moore alifariki dunia mwaka 2020. Watu hao 95 walizikwa upya katika ardhi hiyo hiyo mwezi Novemba mwaka 2019.

Kuwataja katika habari ya msitu si kwenda kando ya mada. Orodha ya IUCN inataka kujua chanzo cha upungufu, na chanzo cha upungufu wa misitu ya Columbia hakikuwa shoka peke yake. Msitu wa udongo mzito, wenye mbu na maji ya magotini, ulikuwa ghali mno kufyekwa kwa mtu anayelipa mshahara wa haki. Ulifyekwa kwa haraka kwa sababu waliofyeka hawakulipwa, na kwa sababu kufa kwao hakukumgharimu mwajiri kitu.

Miwa iliacha kulimwa Sugar Land mwishoni mwa miaka ya 1920, na kiwanda cha kampuni ya Imperial kikaendelea kusafisha sukari ghafi iliyoletwa kutoka kwingine hadi kilipofungwa mwaka 2003. Laiti hadithi ingeishia hapo, huenda msitu ungerudi, kwa maana mwaloni na pekani huweza kuota tena katika shamba lililoachwa. Badala yake ulikuja mji. Wilaya ya Fort Bend, ambamo Sugar Land imo, ilikuwa na watu 52,314 mwaka 1970. Mwaka 2020 ilikuwa na watu 822,779.

Hapo ndipo vigezo vya tatu na vya nne vya IUCN vinapokuwa na kazi, na ndipo ramani ya eneo inapoanza kudanganya. Misitu ya mabondeni huishi kwa maji yanayokuja na kuondoka. Mafuriko huleta tope jipya, husambaza mbegu na huua mimea isiyostahimili mizizi yake kukaa majini. Ili kulinda nyumba, vitongoji vingi vya bonde la Brazos vimezungushiwa matuta marefu ya udongo. Matuta hayo yana sababu ya kuwepo: mwaka 2016 mto ulifika futi 54 na zaidi katika kipimo cha Richmond, jirani na Sugar Land, na baada ya kimbunga Harvey mwaka 2017 ulipita futi 55, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa hapo. Hakuna anayeweza kuwalaumu wakazi kwa kutaka kulala pakavu. Lakini kipande cha msitu kilichobaki ndani ya tuta hakipati tena mto, na kilichobaki nje hupokea maji yaliyozuiwa kwingine.

Kisha kuna ukame. Mwaka 2011 Texas ilipata mwaka mkavu usio wa kawaida, na idara ya misitu ya jimbo ilikadiria kwamba miti milioni 301 ilikufa katika maeneo ya mashambani ya jimbo zima. Penye pengo la mti uliokufa, anayewahi ndiye anayerithi, na katika pwani ya Texas anayewahi mara nyingi ni mti mgeni kutoka China, ambao mbegu zake zina nta iliyokuwa ikitengenezewa mishumaa na sabuni. Wapo wanaosimulia kwamba uliletwa Marekani na Benjamin Franklin, aliyetuma mbegu Georgia katika miaka ya 1770. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa miti ya Texas haitokani na mbegu hizo, bali na zile zilizoletwa na idara ya kilimo ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 iliukuta kuwa ndio mti wenye idadi kubwa kuliko mingine yote katika eneo la Houston. Ukiachwa, hugeuza mbuga ya majani kuwa kichaka cha aina moja katika miongo michache. Kwa picha ya setilaiti, kichaka hicho nacho ni msitu.

Mfano ulio wazi zaidi wa tofauti kati ya miti kuwepo na msitu kuwepo unatoka Australia. Katika milima ya jimbo la Victoria kuna misitu ya mikaratusi mirefu kupita kiasi. Wanyama wengi wa huko hulala na kuzaa ndani ya mashimo ya miti mikongwe, na mti huchukua zaidi ya miaka 120 kupata mashimo hayo. Baada ya moto wa Februari mwaka 2009, ambao uliua watu 173, na baada ya miongo ya ukataji wa mbao, watafiti waliutathmini msitu huo kwa vigezo vya IUCN. Waliamua kwamba msitu utahesabiwa umeporomoka pale wastani wa miti yenye mashimo utakapokuwa chini ya mmoja kwa kila hekta. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalisema kwamba katika kila hali waliyoikadiria, uwezekano wa kufika hapo ifikapo mwaka 2067 ulikuwa si chini ya asilimia 92. Eneo lenye miti lilikuwa bado kubwa. Serikali ya Victoria ilikomesha ukataji wa mbao katika misitu ya asili ya jimbo hilo kuanzia Januari mwaka 2024.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda Australia. Mto Tana nchini Kenya una msitu wake wa kandokando, mwembamba na wa vipande, ambao ni makao ya mbega mwekundu wa Tana na tumbili aina ya mangabei, wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Msitu huo nao ni mtoto wa mafuriko. Baadhi ya miti yake huota juu ya mchanga mpya unaoachwa na mto ukihama, na mingine hutegemea maji ya chini ya ardhi yanayojazwa na mto ukifurika. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981 na la Kiambere mwaka 1988, yakifuata mengine katika mto huo huo, na Kenya ikapata umeme. Chini ya mto Wapokomo, wanaolima kwa kufuata maji yanapopungua, na miti inayoota kwa kufuata maji hayo hayo, walianza kuishi na mto uliopunguziwa nguvu.

Na huko nako sukari ilibisha hodi. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Kenya iliidhinisha mpango wa shamba la miwa la hekta zipatazo 20,000 katika delta ya Tana. Wenyeji wakaenda mahakamani, na shamba hilo halikulimwa. Mwaka mmoja kabla yake, Uganda ilikuwa imetikisika kwa sababu ya pendekezo la kutoa hekta 7,100 za msitu wa Mabira zilimwe miwa. Watu waliuawa katika maandamano ya Kampala mwezi Aprili mwaka 2007, na serikali ikaliweka pendekezo hilo kando. Tofauti na bonde la Brazos ni kwamba Mabira na Tana palikuwa na watu walioweza kusema hapana kabla ya shoka. Watu waliofyeka Oakland hawakuulizwa.

Katika misitu ya Columbia kuna sababu ya kutokata tamaa, nayo iligunduliwa kwa rada. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa ndege Sidney Gauthreaux wa Chuo Kikuu cha Clemson alitumia rada mpya za hali ya hewa za eneo la Houston kufuatilia makundi ya ndege wahamaji. Kila majira ya machipuko ndege hao huvuka Ghuba ya Mexico, na rada ilionyesha wapi hutua wakiwa wamechoka na wapi huruka tena jioni. Wingu zito la ndege lilikuwa likipanda kutoka katika vipande vya msitu wa mabondeni. Ndege wa spishi zaidi ya 230 hutumia misitu hiyo kwa namna moja au nyingine. Kufuatia matokeo hayo, idara ya wanyamapori ya Marekani ilianza mwaka 1997 mpango wa kununua na kupokea vipande vya msitu na kuviunganisha na hifadhi ya San Bernard. Katika hifadhi hiyo umesimama mwaloni ambao mzingo wa shina lake unapita mita 9. Mbuga ya jimbo ya Brazos Bend, iliyofunguliwa mwaka 1984 katika wilaya ya Fort Bend, inalinda ekari nyingine zipatazo 5,000.

Mwaloni wa namna hiyo huweza kuishi karne kadhaa, na hapo ndipo penye mtego. Watafiti wanaotembea chini yake hawatazami juu tu. Wanahesabu miche iliyo chini: mingapi ni ya mwaloni na pekani, mingapi ni ya mti wa China. Kama miche ya wenyeji haipo, msitu unaoonekana ni wazee watupu, na kuporomoka kwake kumekwisha tokea ingawa tarehe ya kuonekana haijafika.

Desemba mwaka 2022, nchi zilizo wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai zilikubaliana mjini Montreal kwamba Orodha Nyekundu ya mifumo ya ikolojia iwe miongoni mwa vipimo vikuu vya maendeleo yao, na ripoti zao zikapangwa kutolewa mwaka 2026 na 2029. Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama, kwa hiyo msitu wa Tana na wa Mabira una mahali pa kuandikwa. Marekani ilitia saini mkataba huo mwaka 1993 lakini baraza lake la Seneti halikuwahi kuuridhia, na misitu ya Brazos haimo katika orodha ya ahadi hizo.